Nguru Aliyekataa Kuyeyuka

Mama,

Kesho Mama mdogo Saumu anafika kwa treni kutoka Mombasa, anakuja kwenye hitima ya arobaini yako. Unamjua dada yako. Hata salamu hazitaisha kabla hajaniuliza, "Alikula?" Na mimi Zuhura, uliyeniita mdomo wa cherehani, nimekuwa nikilitafuta jibu tangu tukuzike. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza.

Hapa Bondeni, huku bara, pamepooza. Kitanda chako tumekiegemeza ukutani, godoro tumempa mgonjwa wa nyumba ya pili. Paka wako amehamia kwa jirani yetu Mama Njeri, msaliti yule. Mimi nikipita mlangoni kwako bado nakohoa ili ujue ni mimi. Halafu nakumbuka.

Unakumbuka ulivyogoma kula? Uji hutaki, supu ya kuku hutaki, wali unausukuma kando. Daktari aliposema tukupe chochote roho yako inachopenda, ukafumbua macho. "Nguru. Wa kwetu. Na kichwa chake." Samaki wa Naivasha ulikuwa umemtukana tangu Baba ahamishiwe huku na reli, eti wa maji baridi, hana ladha. Kaka Bakari akanikatia tiketi ya ndege, maana kwa treni kwenda na kurudi tungechelewa. Kilichobaki kikawa sanduku la barafu la kumsafirishia.

Na hapo ukapona kwa siku moja! Umelala chali, unatoa amri kama bwana harusi. "Usiniletee kasanduku ka soda. Samaki bila kichwa ni nyama tu. Pima kwa mkono wako, toka begani mpaka ncha ya kidole. Kisha ulikalie, uone kama ni imara." Nikaenda kwa yule Kalasinga mwenye duka la vyombo. La bati lilikuwa refu lakini zito, lingemaliza uzito unaoruhusiwa ndegeni kabla samaki hajaingia. Lile jeupe jepesi nililikalia kama ulivyoniagiza, likapasuka, na Kalasinga akashika kilemba chake: "Mama, hii hapana kiti!" Tukabaki na jekundu la plastiki, kuta nene, kifuniko kinabanwa kwa vyuma. Akaniapia, "Hii barafu nakaa siku mbili, mama. Maji hapana mwaga ndani ya ndege." Nikalipima kwa mkono, likaenea. Nilirudi nalo kichwani nikiringa njia nzima.

Basi sanduku lilifanya kazi yake, na hapo ndipo panaponiuma. Kule Mombasa Mama mdogo alimgandisha nguru kwa rafiki yake mwenye chumba cha barafu, tukamlaza mzima mzima na barafu ya kupondwa kila upande. Kwenye uwanja wa ndege kijana wa mizigo aliliinamisha sanduku aone kama linavuja. Hata tone. Kutoka Nairobi nikapanda teksi ya Peugeot nimelipakata kama mtoto. Nilipolifungua mbele yako jioni ile, nguru alikuwa jiwe. Ukimgonga analia kama mlango.

Tukamweka kwenye karai. Baridi yetu ya Julai unaijua, hata mafuta ya nazi yanaganda chupani. Nilichemsha maji nimmwagie, ukanikataza kwa sauti ndogo lakini kali. "Usimharibu, nyama itakuwa uji. Mwache alegee mwenyewe. Kesho asubuhi utanipikia kichwa, ukamulie ndimu." Mama, hata pale ulikuwa hukubali mtu akosee jikoni kwako! Nikatii. Kabla ya adhana ya alfajiri ulikuwa umekwenda, na nguru karaini amelegea, yuko tayari kwa kisu.

Nililichukia lile sanduku. Ningechukua bovu, Mama, nguru angefika amelegea, nawe ungekula. Watu wananiambia siku yako ilikuwa imefika, na mimi naitikia kwa kichwa. Lakini nikibaki peke yangu nalia.

Nyumba ya msiba haipiki, majirani ndio wanaowasha moto. Mama Njeri, yule yule aliyekuwa akikuuliza unawezaje kula nyoka wa maji, ndiye aliyemkuta nguru. "Ai! Hii kitu iko na macho na inaniangalia! Mimi sijui kuipika, lakini ya Mama Bakari haitatupwa." Akamchemsha na viazi na kabichi. Nguru na kabichi, Mama! Nilidhani utaamka umnyang'anye mwiko. Akawapakulia waliorudi kutoka makaburini, kisha akakaa jikoni na kipande kimoja mkononi, yeye ambaye kwao samaki haliwi, akakitafuna huku machozi yanamtiririka. "Nakula juu yake, si juu ya njaa," akasema. "Yeye tu."

Lakini Mama mdogo hataniuliza nani mwingine alikula. Ataniuliza wewe. Nimelibeba swali hilo wiki zote hizi, nikaona nimdanganye, nikaona nimkimbie. Leo asubuhi nikifua kanga zako ndipo nilipoliona vizuri jambo nililokuwa nimelipita. Jioni ile nilipotoka kutafuta karai, nilirudi nikakukuta umejiinua kwa kiwiko. Ulikuwa ukimpapasa nguru shavuni, barafu imekushika vidoleni. Ukatia kidole mdomoni, ukafumba macho, ukakinyonya polepole. "Chumvi ya kwetu," ukasema. Kisha ukacheka, wewe ambaye tangu ulale kitandani hukuwa umecheka.

Pumzika, Mama, Mungu akupokee kwa rehema yake. Nakuahidi kesho pale stesheni sitababaika. Nitampokea dada yako mzigo, nitamshika mkono, na akiniuliza nitamwambia ulionja.

Mwanao,
Zuhura