Tanuri Langu Takatifu

Mshauri, nipe neno kabla ya Jumamosi, maana nimelikoroga na nimebaki mimi tu wa kulinywa. Mimi ni mwandishi wa makala magazetini, nimesoma vitabu vingi na kugombana na watu wengi zaidi, mtaani wananiita Spika kwa sababu sizimiki, na mwaka mzima nimemwandama shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye kiwanda cha mikate pale kona, kwamba bomba lake la moshi linatapika hewa ukaa kuliko mtaa mzima, na ili kumwaibisha nikajenga tanuri la udongo uani, nikatangaza kuwa mkate safi ni huu, nikawasainisha majirani waraka wa kutaka kiwanda kifungwe, na Jumamosi kuna mkutano na msemaji ni mimi. Sasa jana nilimsomea mke wangu hotuba, akanisikiliza huku akikwangua mkate wangu ulioungua, akasema, "Baba, umetaja moshi tu. Mikate je? Wewe mzigo wa kuni unakupa mingapi?"

Nikasema minane.

"Na kaka?"

Nikamuuliza shemeji kwa simu. Mzigo kama ule unampa mia mbili. Nikagawa, nikagawa tena kwa kalamu nyingine nikiishuku ile ya kwanza, na kila mkate wangu mtakatifu umechafua hewa mara ishirini na tano ya wake. Mke wangu anasema nikihutubia vilevile atasimama anijibu, kwa kuwa kiwanda kikifungwa ndugu zake wote wanakosa kazi. Nijifanye sauti imekauka? Lakini nani ataamini?

— Spika

Ndugu Spika,

Pole, ila pole ndogo. Ulipima ukubwa wa bomba bila kuuliza linalisha wangapi. Hewa ukaa kwa kila mkate ndiyo inayoonyesha nani anatumia kuni kwa akili, na hapo shemeji amekugaragaza. Hilo tanuri lako ni majivuno yaliyopakwa udongo.

Lakini usimbebe shemeji mgongoni sasa. Kipimo hicho hakionyeshi jumla. Akipunguza moshi wa kila mkate kwa nusu kisha akaoka mara tatu ya zamani, anga inapokea zaidi ya mwanzo. Hapo ndipo ulipokuwa na hoja, ukaifunika kwa kelele.

Jumamosi nenda, na sauti yako iwe nzima. Weka mkate ulioungua mezani, taja hesabu zako mwenyewe kwanza, uchane waraka wako mbele ya waliousaini. Kisha mwombe shemeji aahidi mambo mawili: kuni za kila mkate zipungue, na kuni za mwaka mzima zisiongezeke. Akikwepa la pili, mwandame, ila kwa namba.

Tanuri panda maua ndani yake. Mkate kanunue pale kona, usimame foleni kama wenzako, na ukifika dirishani, sema "habari za asubuhi" tu.