Beberu Aliyechinjwa Siku Moja Kabla ya Idi

Mpendwa mshauri Bi Shamsa, naomba msaada wako, na naomba jina langu ulifiche, uandike tu "fundi cherehani wa Mbinga mjini, mwenye cherehani mbili, mkabala na ghala la kahawa", kwa sababu haya yaliyonipata yakijulikana sitaweza tena kukaa safu ya mbele msikitini.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, mke wangu ni Mmatengo wa Litembo, alizaliwa Recho akawa Rehema tulipooana miaka kumi na miwili iliyopita, na kwao wote ni Wakatoliki, wakiongozwa na kaka yake mkubwa Mansuetus, ambaye ndiye aliyemleta kwangu kwa mkono wake siku ya harusi na hajawahi kutubagua hata siku moja, akija kwetu huuliza kwanza kama tumefunga ndipo akubali chai. Sasa kwa kuwa mjini kwangu hata kuku hana pa kukunjulia bawa, beberu wa sadaka ya Idi nilimpeleka akalelewe kwa huyo shemeji, na hapo Bi Shamsa nakiri shetani alinipitia, maana jirani yangu Alhaji Ndauka kila mwaka huchinja beberu ambaye mtaa mzima humzungumza hadi Maulidi, nami nikaapa kwamba safari hii watamzungumza wangu.

Nikawa napanda Litembo kila Jumapili na futi yangu ya kupimia nguo, nampima beberu kifua kama mteja wa koti, Mansuetus ameshika pembe, wanawe wanacheka mpaka wanakaa chini, na nikirudi naandika zile inchi kwenye kundi la WhatsApp la waumini, nikianza na "Alhamdulillahi" ili isionekane najisifu. Zilipofika inchi thelathini na nane hata imamu aliandika "Mashaallah", na Alhaji hakuandika kitu, nikafurahi zaidi.

Ikafika siku ya Arafa, mahujaji wamesimama kule kwenye uwanja wao, sisi huku tumefunga, nyumbani nina wageni saba wa futari akiwemo Alhaji, ambaye nilimwalika makusudi ili niitaje kesho yangu mbele yake, na Magharibi imekaribia ndipo ikaingia bodaboda, nyuma yake Mansuetus amekumbatia beseni kubwa lililofunikwa majani ya mgomba, jasho linamtiririka, anacheka, anasema, "Shemeji, leo umefunga, kesho una sala na wageni, nikasema nisikuache uhangaike. Kazi yote nimekumalizia, hata utumbo umeshaoshwa. Si unajua sisi Krismasi tunachinja mkesha, asubuhi ni kula tu?"

Bi Shamsa, niliona giza. Nikasimama mbele ya wageni wote nikasema, "Umeniletea mzoga! Miaka kumi na miwili uko na Waislamu hujajifunza kitu? Ondoa uchafu huu kwangu!" Akafungua mdomo aseme neno, nikamwambia sitaki kusikia, akamtazama dada yake, akalifunika beseni vizuri, akapanda bodaboda yake akaondoka, na adhana ikaadhiniwa, nikafuturu tende ambayo sikuisikia utamu.

Siku ya Idi niliswali, nikarudi, nikajilaza nikasema tumbo linaniuma, na nikaendelea kuumwa siku tatu nzima mpaka watu wakamaliza kuchinja, na nyama niliyokula ni ya Alhaji, aliyeleta bakuli na maneno ya pole. Siku ya nne akaja yule kijana wa bodaboda kushonesha suruali iliyochanika, ndiye akanieleza kwamba shemeji siku ile aliamka alfajiri akavuka vilima viwili kumfuata Mwalimu Shaweji, Mwislamu pekee anayemjua upande ule, akamwambia tu kwamba nina wageni wa futari, sadaka ya Idi hakuitaja, na Mwalimu ndiye aliyemchinja beberu, kwa bismillahi, kibla wamekitafuta kwa simu. Na lile beseni nililolifukuza hakufika nalo kwake, alipitia hospitali ya misheni akawagawia wanaouguza wagonjwa, wale wanaopikia nje.

Rehema alikuwa nyuma ya pazia, akayasikia yote. Hakugomba. Akafunga mizigo, akachukua watoto, akasema, "Kaka ndiye aliyenileta hapa, na kaka ndiye atakayenirudisha," akaenda zake Litembo, na hii ni wiki ya tatu.

Sasa nakuuliza mambo mawili. Kwanza, je, sadaka yangu imehesabiwa, maana mnyama alikuwa halali na nia nilikuwa nayo? Pili, nimjibu nini Alhaji, ambaye kila tukitoka msikitini anauliza yule beberu wa inchi thelathini na nane aliishia wapi? Na la Rehema pia, kama nafasi gazetini itatosha.

Wako katika mtihani,
Fundi.

BI SHAMSA ANAJIBU

Fundi, jina nimelificha kama ulivyotaka, ingawa kwa maelezo yako hata mgeni anayeshuka stendi leo atafika kwako bila kuuliza njia.

Pole kwa nyumba iliyonyamaza. Nakupa pole hiyo kwa moyo, maana mtu kula peke yake wiki ya tatu si mchezo. Pole imeisha, sasa kaa vizuri nikuseme.

Umeandika karatasi tatu. Beberu amepata inchi zake zote, Alhaji amepata nafasi yake, mke wako na watoto wakapewa mstari wa mwisho, "kama nafasi itatosha". Ningekuwa Rehema ningeongeza wiki ya nne.

La sadaka ni jepesi. Anayechinja kabla ya sala ya Idi, awe shemeji wa Litembo au wewe mwenyewe na kanzu yako, amechinja kitoweo. Muulize imamu wako, hatakwambia tofauti. Lakini siku za kuchinja hazikuisha asubuhi ile, ulikuwa nazo nyingine, nawe ukazimaliza kitandani ukiugua tumbo lisilouma. Ungetafuta mbuzi wa kawaida, mwenye umri unaotakiwa, asiye na inchi za kutangaza, ungekuwa umetoa. Hukumtaka mbuzi, baba. Ulitaka Alhaji anyamaze.

Tangu chuoni tunafundishwa kwamba nyama haimfikii Mwenyezi Mungu, wala damu, kinachomfikia ni ucha Mungu wako. Nabii Ibrahimu hakuambiwa alete kilichonona. Alitakiwa kukitoa kipenzi chake, naye akakubali, ndipo akaletewa kondoo. Wewe kipenzi chako ni kusifiwa. Hicho ndicho kilichotakiwa kulazwa chini, ukakiacha kikizurura, ukamlaza Mansuetus mbele ya wageni saba. Na ulikuwa umefunga! Kutwa nzima umeuzuia mdomo wako usile, jioni ukamla mtu.

Mimi Mungu alinijalia nikafika Makka. Wanaume wote kule wamevaa shuka mbili nyeupe zisizoshonwa. Fundi, ungekosa kazi. Nilisimama Arafa nikaangalia huku na huku, nikashindwa kumjua yupi waziri na yupi anauza dagaa, na wote walikuwa wanalia. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwao anachinja mnyama wa kimo gani. Hiyo ndiyo siku ambayo wewe uliitumia kumfukuza ndugu.

Na mtazame uliyemfukuza. Ameamka alfajiri, amepanda na kushuka vilima akitafuta Mwislamu kwa ajili yako, ameosha utumbo, na alipotukanwa akaenda kuwalisha wanaouguza. Mkatoliki wa watu ameifanya Idi yote isipokuwa sala. Yeye alikosea siku tu. Wewe siku uliijua, ukayakosa mengine yote.

Sasa fanya hivi. Jumamosi hii panda Litembo, na usiende na mbuzi wala kitenge wala sukari, utaonekana unanunua. Nenda na Alhaji Ndauka. Ndiyo, huyo huyo. Ulimtukana mtu mbele ya mashahidi, utamwomba radhi mbele ya shahidi, na njiani utakuwa na muda wa kutosha kumweleza beberu aliishia wapi na tumbo lako lilikuwa linauma kwa nini. Itakuuma. Ndiyo maana inaitwa sadaka.

Ukifika, mwamkie shikamoo kama mkubwa wako, kisha sema, "Kaka, nilikukosea." Usiseme "kama nilikukosea", wala usianze kumfundisha fiqhi ya kuchinja, hayo mtazungumza mwakani. Ukishasema, nyamaza umsikilize, maana siku ile alitaka kusema neno ukamkatiza. Akikuwekea ugali na maharage, kula umalize. La Rehema usiliguse wewe. Mwache kaka mtu aliseme mwenyewe akiwa tayari, na asipolisema siku hiyo, rudi Mbinga peke yako na upande tena Jumamosi inayofuata.

Nikwambie na langu. Kabla ya safari ya Hija mtu huzunguka kuomba radhi kwa kila aliyemkosea. Nilizunguka nyumba zote, nikamruka dada yangu Edina wa Liuli, tuliyenuniana naye kwa ajili ya maneno ya kipuuzi kuliko hata ya beberu wako. Nikasema nitamaliza nikirudi, tena nikiwa Hajati, ataniheshimu. Kule Arafa nilimwombea mpaka sauti ikakauka. Niliporudi na maji ya zamzam nilimkuta amezikwa siku ya tisa, siku ile ile ya Arafa, na wanawe wakanipokea mizigo kwa adabu, wakaniita Hajati.

Mansuetus yupo hai, Fundi. Panda gari la asubuhi.