Mtu wa Masawa Mbele ya Tanuri la Mbaruk

Mpendwa Mshauri, huyu anayekuandikia si mtu wa kusomwa huku unakunywa chai, maana kutoka Jangwani mpaka Kivukoni jua lenyewe haliwaki bila kuniamkia, mimi Muhiddin, mjomba wa mtaa mzima hapa Kariakoo, niliyesoma chuoni hadi mwalimu akachoka, lakini leo naomba msaada, nimebanwa.

Kaskazi hii watu wamelala barazani vifua wazi, midomo wazi, mimi navaa koti langu zito la sufu, kama yale waliyovaa askari wakati wa vita, na wakiniuliza, "Mjomba, husikii joto?" nawajibu joto gani, mimi nilikuwa mtia makaa kwenye meli ya Bahari ya Sham, nikashuka bandari ya Masawa, ambako kuku hutaga mayai yaliyokwisha kuiva na kivuli cha mtu humtangulia kukimbilia ndani, kwa hiyo hapa Dar es Salaam nasikia baridi, na watu wakaniamini, na aliyeniamini kuliko wote ni Mbaruk mwenye tanuri la mikate, ambaye nimemposa dada yake Hamdiya, mjane, na juzi fundi wa tanuri kaugua, Mbaruk akasema mbele ya baraza zima, "Shemeji, Jumamosi nina mikate ya harusi. Wewe wa Masawa simama tanurini tangu alfajiri hadi adhuhuri. Ukitoka mzima, Hamdiya mkeo," watu wakapiga makofi, nami nikacheka, lakini hata kupita mlangoni pa tanuri lile kichwa hunizunguka, sasa je, nijitie homa, au nihamie Kigamboni?

Muhiddin

JIBU: Mjomba Muhiddin, shikamoo, na pole. Upole wangu unaishia hapo. Joto la Kariakoo linatutosha sote. Wewe ukaagiza jingine kutoka Masawa, sasa limefika. Ukijitia homa, Mbaruk atakuletea uji kitandani, nawe utaongopa tena. Kigamboni nako kuna jua. Tena unaogopa tanuri tu! Hamdiya umemuuliza kama anataka mume au mchoma mikate? Nenda kwao kabla ya Jumamosi, ufuatane na mtu mzima wa kwenu, useme Masawa hukufika. Akicheka, mwache acheke. Mbaruk atafute mtu anayeujua moto. Na hilo koti, baba, livue, tusije tukakuzika nalo.

MUHIDDIN ATUANDIKIA TENA: Mshauri, hayo uliyoyasema nilikuwa nayo kichwani kabla yako, ila nimekwenda, pamoja na dada yangu Fakhriya. Hamdiya alikuwa nyuma ya pazia. Nikasema, "Masawa sikufika."

"Najua," akajibu. "Tangu lini mwenye baridi akachuruzika jasho mpaka kwenye nyusi? Kaka nitamwambia mimi, atafute fundi. Mimi nataka mume, moto tunao. Haya, vua koti ukae, uletewe maji ya mtungini."

Fakhriya akanyoosha mkono alipokee. Nikalishika kwa mikono miwili. Nikasema nasikia baridi. Pazia zima likatikisika kwa kicheko, nami nikaaga nimesimama, maji sikuyanywa.

Sasa Mshauri, nitarudije? Shati langu lina kola na kifua tu. Mgongo uliisha mwaka juzi, ndipo nikaanza kuvaa koti, na walipouliza sababu, ndipo nikafika Masawa.