Udi Si Uchafu

Penang, Malaysia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na sasa unafika kisimani bila fimbo. Mimi mzima. Kaka Selemani, shikamoo. Najua wewe ndiye unayemsomea Mama, basi soma kila mstari, hata pale utakapoguswa wewe.

Kaka aliandika kwamba amesikia redioni viwanda vya huku vinaanguka, nifunge mizigo nirudi Mikindani. Ni kweli, hali mbaya. Sisi tunaunda mashine za kutengenezea chipu, vile vijipande vya ndani ya simu na kompyuta. Juzijuzi tu wateja walizigombania, hata Jumapili hatukupumzika. Sasa chipu zimejaa maghalani, na asiyeuza chipu hanunui mashine. Nusu ya wenzangu wamekwisha kurudishwa makwao.

Nami nilikaribia kuwafuata, na Mama usicheke, kisa ni ile kanga yako. Uliifukiza udi kabla ya kunitumia, kama unavyofukiza kila nguo ya Idi. Asubuhi ya Idi nikaivaa, juu yake nikavaa lile vazi jeupe la kazini linaloacha macho tu. Chumba chetu cha kazi hakitaki hata chembe ya vumbi, seuze majivu ya udi kwenye mikunjo ya kanga! Nilikuwa nimeinamia mashine iliyokaribia kusafirishwa. Kipimo cha hewa kikalia, we! Watu wote wakaacha kazi wakanikodolea macho.

Msimamizi akaniletea karatasi nisaini: eti nimeharibu kazi kwa uchafu wa mwili, narudishwa kwetu. Mimi, mtoto wa Bi Zuhura, niitwe mchafu? Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, "Kosa nimefanya. Andika kosa, nitasaini. Uchafu sisaini."

Akasema, "Basi ondoka."

"Niisafishe mashine kwanza. Kipimo kikilia tena, nitaondoka mwenyewe."

Akakubali shingo upande. Nikaifungua, nikaifuta kipande kwa kipande, siku mbili nzima. Unakumbuka ulivyonifundisha kumenya ganda jembamba la korosho bila kuvunja punje? Vidole ni vilevile. Kipimo hakikutoa hata mlio. Karatasi aliichana yeye mwenyewe. Pole hakunipa, wala sikuingoja.

Kaka, unaniambia nikumbuke kiwanda cha korosho alichofanyia kazi Baba, kilivyofungwa. Nakikumbuka sana. Lakini korosho nazo hushuka bei, na sijaona mtu wa kwetu akikata mikorosho yake kwa msimu mmoja mbaya. Watu hawataacha simu. Sirudi ng'o! Na ile kazi uliyoniombea bandarini ichukue wewe, maana nasikia unashinda kutwa kwenye bao.

Mwezi ujao huenda wakanitoa. Mashine zikikosa mnunuzi, sawa, nitapanda ndege. Lakini nitakuwa nimetoka kwa kukosa kazi, si kwa uchafu.

Nisalimie bibi mzaa baba, shangazi muuza mihogo, na jirani yetu fundi cherehani aliyetoka Msumbiji. Mama, usiache kunitumia udi. Siku ya mapumziko naufukiza chumbani kwangu, mlango wazi, na anayetaka kukunja pua akunje. Karatasi hii nayo nimeifukiza. Kaka akimaliza kusoma, mnyang'anye uinuse.

Mwanao asiyesaini ovyo,
Mwanahawa