Kichwa cha Treni Kilichokataa Kwenda Mbele

Nyumbani, ghorofa ya pili,
juu ya duka la fundi viatu.
Jumatano, tarehe 12 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kabla sijaanza kukuchanganya. U hali gani? Kile kikohozi kimekuachia? Na goti la Baba Mdogo je, bado linatabiri mvua kuliko redio? Sisi huku ni wazima, tunakula, tunalala, tunabishana. Mafua yalipita nyumba nzima yakianza na mimi, lakini yameshaaga.

Nianze na jibu lako, maana najua unalisubiri. Siji. Ahsante kwa kunitandikia kile kitanda cha dirishani, na unisamehe kwa kukulilia kwenye simu. Siku ile nilikuwa na hakika kwamba nyumba hii hainitaki. Leo sina hakika na lolote, na ajabu ni kwamba nimepata nafuu. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nitalia tena, na hutaambulia kitu.

Unajua mume wangu ni fundi wa lifti, na unajua ana binti, yule tunayemwita Meneja kwa jinsi anavyopenda kupangia watu kazi. Usichojua ni kwamba Meneja ana reli. Ni ya vile vitofali vya plastiki vya kupachikana, ina stesheni, ina handaki, ina daraja. Wakati naolewa ilikuwa imelala juu ya milango miwili mikuukuu iliyounganishwa, imejaza chumba cha nyuma chote. Cherehani changu na kabati langu vilipoingia, mlango mmoja ukatoka. Sikuulizwa wala sikuambiwa. Nilikuta tu reli imebaki nusu, kona zimekunjwa kama kiwiko, na kichwa cha treni kiko juu ya kabati kinakula vumbi.

"Mbona kimepanda huko?" nikauliza.

"Kimestaafu," mume wangu akasema, akacheka. Meneja hakucheka. Alitoka chumbani.

Nilikuja kuelewa baadaye. Kichwa chenyewe ni kirefu. Kwenye kona mpya kilikuwa kinajinyoosha kama mtu mwenye kiuno kibovu, halafu kinaanguka. Kwa hiyo kuja kwangu ndiko kulikosimamisha treni ya mtoto. Wewe unaijua roho yangu. Sikupata raha.

Nikaamua kuunda kichwa kingine, kidogo kabisa, cha kuweza kupita kwenye zile kona. Usicheke. Nilijiambia kwamba mtu anayeshinda dukani akikaza skrubu za miwani hawezi kushindwa na vitofali. Nikashindwa. Mota peke yake ilijaza tumbo zima, betri ikakosa pa kukaa. Nikaipandisha juu, kichwa kikawa kama mpagazi aliyejitwika gunia kubwa kuliko yeye, kikapinduka. Mwisho nikaipakia betri kwenye behewa la nyuma, nikapitisha waya mfupi katikati, nikawasha.

Kikaenda kinyumenyume.

Nikazima, nikawasha. Kinyumenyume. Nilikikagua mpaka macho yakaniuma, hadi nikagundua kwamba kuna gia moja nyeupe kwenye ekseli ambayo ikikaa kushoto kwa mota treni inarudi, na ikikaa kulia inakwenda. Nikaihamisha. Sasa magurudumu yakawa yanazunguka papo hapo, kichwa chenyewe hakisogei, chepesi mno. Nikachukua nati nzito kwenye boksi la vifaa vya mume wangu, nikaificha chini ya paa. Mama Mdogo, kilikwenda! Kilipita kona ya kwanza, kikapita ya pili, kikaingia handakini na kutokea upande wa pili kikiwa na behewa lake. Mume wangu alipiga makofi kama yuko uwanjani.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya shule. "Umeweka nini ndani?" akauliza.

"Mota, gia, na nati ya baba yako."

Akatikisa kichwa, akaenda kufua soksi zake. Basi.

Kesho yake natoka kazini, nakuta kichwa changu kiko juu ya cherehani, kimefumuliwa chote. Vyekundu peke yake, vyeusi peke yake, nati kwenye kisahani cha chai. Nikahisi kama mtu aliyepeleka zawadi akarudishiwa kwa adabu. Nikasema labda rangi haikumpendeza. Nikakiunda upya, cha kijani. Kikafumuliwa tena, na safari hii vipande vilipangwa vizuri zaidi.

"Muulize," mume wangu akaniambia.

"Muulize wewe, ni mwanao."

"Mimi nikimuuliza ataniambia hakuna kitu."

Ndiyo siku ile nilipokupigia. Mengine unayajua.

Kabla sijasahau, mwambie Baba Mdogo ile miwani yake ya kusomea iko tayari, nimebadilisha mkono uliovunjika. Nitamtumia nikipata mtu wa kuaminika, si yule wa mara ya mwisho aliyeikalia.

Haya, jana. Jana nilikuwa na mapumziko. Mume wangu aliondoka mbio, kuna watu walikuwa wamekwama kwenye lifti ya benki, na simu yake akaisahau mezani. Ikaita. Nikaangalia: Mama Meneja. Yaani mama mzazi wa mtoto, mke wa kwanza wa mume wangu. Sijawahi kusema naye hata neno moja. Namjua kwa picha tu, amesimama na kofia ngumu chini ya kreni anayoiendesha huko kwenye majengo. Nikaiacha iite mpaka ikakata. Ikaita tena. Nikasema isije ikawa mtoto ameumia, nikapokea.

"Samahani," sauti ikasema, kwa nyuma naisikia nyundo inagonga, "naongea na fundi?"

"Fundi yuko kazini. Kuna lifti imekwama."

"Si fundi wa lifti. Namtaka fundi wa treni."

Nikakaa chini.

"Cha kwangu kinarudi nyuma," akaendelea. "Nimekihangaikia tangu juzi. Leo nimekuja nacho kazini niwaulize mafundi umeme wa hapa, nao wanacheka tu. Mtoto aliniambia nisikusumbue, lakini nimechoka."

"Cha kwako kipi?"

"Hukuambiwa? Mlango wa pili uko huku kwangu. Baba Meneja aliuleta mwenyewe, ndio uliojaa jikoni, hata pa kukatia vitunguu sina. Na kona za huku nazo ni zilezile, kichwa kikubwa hakipiti. Mtoto akasema kwa baba kuna mtu ameunda kidogo kinachopita. Nikamwambia akuombe umfundishe. Akasema, mama, hapana, ataumia akijua ni cha kuleta kwako. Akasema atakifumua aone mwenyewe, kisha akanielekeza nikaunda changu."

"Mbona hakukirudisha kama kilivyokuwa?"

"Gia ilimshinda. Akaona bora akuachie vipande vyote, visipotee." Halafu akasema polepole: "Alikusikia siku ile ukilia kwenye simu. Tangu hapo hajui la kufanya."

Mama Mdogo, sikujua nicheke au niombe radhi, na kama ni radhi, nimwombe nani. Nikauliza kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho: gia nyeupe iko upande gani wa mota?

"Kushoto."

"Ihamishe kulia."

Nikamsikia anapumua kwenye simu, anamwambia mtu asogee asimzibie mwanga. Kisha akapiga ukelele. "Kinakwenda! Kinakwenda mbele!" Halafu, "Ah. Kimesimama. Magurudumu yanazunguka bure."

"Chepesi hicho. Kiwekee nati tumboni."

"Nati ninazo, dada, lakini za kreni. Moja ni sawa na sahani ya wali."

Tulicheka mpaka nyundo ya kwake ikaacha kugonga. Nadhani hata mafundi wenzake walishangaa. Kisha tukakumbuka sisi ni nani. Akasema ahsante, nikasema si kitu, akakata.

Mume wangu aliporudi nikamuuliza habari za mlango wa pili. "Nilidhani nimekwambia," akasema. Nikamwambia hukuniambia. "Basi nilidhani unajua." Mtu anayetoa watu kwenye lifti halafu anamwacha mkewe amekwama utamwambia nini?

Meneja alirudi kutoka shule nikiwa nimekaa na vipande mezani. Sikutaka kufichua aliyoniambia mama yake, na sikutaka kujifanya sijui. Nikaona njia ya katikati. "Hiki kimenishinda," nikamwambia. "Nisaidie."

Akavua begi, akakaa. Aliunda haraka, mikono yake ikijua kila kipande pa kwenda, wala hakunitazama. Alipofika kwenye ile gia nyeupe alisita. Akaishika kushoto. Kisha akaihamisha kulia, akaikandamiza kwa kidole gumba.

Sasa nani alimwambia? Bila shaka mama yake alikuwa ameshampata kwa simu. Kwa hiyo anajua kwamba najua. Au hajui kwamba nimejua kwamba anajua. Hapa ndipo kichwa changu nacho kinapoanza kuzunguka papo hapo. Tulikitazama kichwa cha treni kikizunguka mlango wetu mmoja, na sikumbuki lini nilikaa na mtu kimya nikajisikia vizuri hivyo.

Kisha akasema, macho bado kwenye reli, "Jumamosi nakwenda kwa mama. Kona ya pale karibu na jiko bado inasumbua. Utakuja?"

Nikasema nitakuja. Nilisema kabla ya kufikiri.

Sasa tangu jana nafikiri. Nivae nini? Nibebe nini mkononi? Mtu anabishaje hodi kwenye mlango kama huo? Na nikifunguliwa nimwite nani? Kwenye simu aliniita dada, lakini hilo lilimponyoka, na nadhani mimi ndiye mdogo. Mke mwenza si mwenzangu, walishaachana zamani. Wifi siye, shemeji siye. Mama Mdogo, ndugu zetu wote wana majina, hadi mtoto wa binamu wa mjomba, ila huyu hatukumwekea. Najua barua hii haitakuwahi kabla ya Jumamosi. Nakuuliza hivyohivyo, maana nikikuandikia ni kama naisikia sauti yako ukinikaripia, na hiyo inanitosha kunitoa nyumbani.

Nisalimie Baba Mdogo na goti lake, Mjomba Kipara, shangazi na mapacha wake, na jirani yako yule mshonaji asiyemaliza maneno. Mume wangu anakuamkia. Meneja ameniona naandika, akauliza ni kwa nani, nikamwambia. Anasema shikamoo bibi, na unywe maji ya moto kwa kikohozi.

Mungu akuweke, akuongezee nguvu, na aifanye nyumba yako isipungukiwe na watu wa kucheka nao.

Ni mimi wako nikupendaye, hata nisipoelewa kitu,

Macho