Gauni Linavuta Kushoto

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Na mgongo wako je? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama kiwandani.

Nakutumia chupa ya tisa ya mafuta ya samaki. Siibi, usiwe na wasiwasi. Wafanyakazi tunapewa moja kila mwezi. Meza vidonge viwili kwa siku pamoja na chakula. Soseji na vya kukaanga achana navyo kabisa. Kula samaki, maharage na mboga za majani. Yaliyompata mama mkubwa sitaki yakupate wewe. Mafuta haya yanakinga saratani, na mimi ndiye ninayeyafunga kwa mikono yangu.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mgonjwa ni cherehani, inaruka nyuzi. Chupa imefika. Vidonge nameza, lakini kila nikicheua wateja wanageuka huku na huku kutafuta samaki alipo. Soseji nimeacha, na kwa hilo sijakusamehe.

Kuna jambo lingine linanichosha. Nimejishonea gauni kwa kipimo changu cha miaka yote, lakini kifuani linavuta kushoto. Nimefumua mara mbili. Nikajipima upya, kweli kushoto kumezidi. Karibu na kwapa kuna kitu kigumu kama kifungo cha koti, ila hakiumi. Nitaongeza kitambaa, yaishe.

Mama yako

26 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Hilo si jambo la kuongeza kitambaa! Nimekupigia simu mara saba. Nikitaja hospitali tu, unasema husikii vizuri, unakata. Basi naandika. Nenda hospitali wakakupime hicho kifungo. Usingoje mwisho wa mwezi, usingoje umalize sare za shule. Nenda.

Binti yako

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Punguza ukali, mimi ndiye niliyekuzaa. Uliandika mwenyewe kwamba mafuta yanakinga saratani. Nimemeza chupa zote hizo, sikuruka hata siku moja. Sasa ama yanakinga ama hayakingi. Chagua moja, uniambie. Hospitali dada yangu aliingia kwa miguu yake, tukamtoa amebebwa. Unataka na mimi niende? Kwa sasa nameza vinne badala ya viwili.

Mama yako

17 Aprili

Mama,

Shikamoo. Unataka nichague? Haya, hayakingi. Nilikosea.

Nimemfuata mtaalamu wa maabara hapa kiwandani, nikamuuliza mbele ya wenzangu. Amesema kula vizuri kunapunguza hatari ya baadhi ya saratani, hakuifuti. Kuhusu mafuta ya samaki, hakuna uthibitisho kwamba yanazuia saratani. Na hata kama yangezuia, hayawezi kukwambia kifungo hicho ni nini. Nimefunga chupa hizi miaka miwili, nikaandika ya kusikia kwa wenzangu kama vile mimi ni daktari. Najichukia.

Mama mkubwa hakuuawa na hospitali. Alikaa mwaka mzima akijipaka kila dawa aliyoambiwa na watu, ndipo akaenda. Safari hii mtu aliyekudanganya ni mimi. Tafadhali, acha hivyo vinne, uende.

Binti yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Simu hupokei, barua hujibu. Ninunie unavyotaka, lakini ninunie ukiwa kwenye foleni ya hospitali.

Binti yako

28 Mei

Mwanangu,

Marahaba kwa barua zote mbili. Nilikununia, ndiyo. Nilikasirika mpaka suruali ya mteja nikaiwekea zipu nyuma.

Miaka miwili hujaja. Kila nikiuliza unakuja lini, inakuja chupa. Nikawa nameza, najiambia hivi ndivyo mwanangu anavyonijali. Halafu unaniandikia kwamba hayakingi kitu. Ningefurahi vipi?

Wiki iliyopita nilienda. Walitoa kinyama wakapima. Ni saratani. Daktari anasema haijaonekana kwingine, ila tungewahi zaidi ingekuwa bora. Nikamwambia samaki nimekula, mboga nimekula, soseji nimeacha, kwa nini mimi? Akasema chakula kizuri hakijapotea bure, kitanipa nguvu ya kupona, lakini hakuna chakula kinachompa mtu hakikisho. Nilitamani kumrushia kiti.

Upasuaji ni tarehe 12 Juni. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika ndugu atakayekuwepo. Jirani alijitolea, nikamkatalia. Nimeandika wewe. Nesi akaniuliza, "Mama, una uhakika atakuja?" Nikamwambia, wewe andika tu. Usinitumie kitu chochote.

Mama yako

5 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeomba ruhusa mara tatu. Msimamizi anasema hakuna kutoka mpaka oda iishe. Leo nimevua koti langu la kazi, nikaliacha juu ya meza yake, sikungoja jibu la nne.

Nina hasira, mama, na sijui nimkasirikie nani. Wewe kwa kuchelewa, mimi kwa mdomo wangu, kiwanda kwa lolote lile. Na naogopa sana. Tutagombana vizuri nikifika.

Huenda barua hii nikaipokea mwenyewe mlangoni kwako. Ikinitangulia, mwambie yule nesi nipo njiani.

Binti yako