Ufagio Nimeondoka Nao

Mzee wangu,

Chai iko kwenye chupa. Ufagio usiutafute, nimeondoka nao.

Najua ulitaka kunifurahisha. Umedamka ukafagia kile chumba ulimotengenezea betri za magari miaka ishirini, eti mjukuu wetu akija Jumamosi apate pa kutambaa. Sasa vumbi la madini ya risasi limetapakaa hadi sebuleni! Mkeo kutwa anapima sumu kwenye majengo ya watu, na wanamsikiliza. Kwake kashindwa na ufagio.

~~Mjukuu asije kwanza.~~ Hapana, aje, ila atalala kwa shangazi yake mpaka nisafishe. Wewe oga, badilisha nguo, funga kile chumba. Usipanguse kitu, jioni nitapangusa mwenyewe kwa maji.

Nimechukua sampuli tatu: chumbani, sebuleni, na kwenye kile kiti chako usichotaka kiguswe. Ukaniuliza kwa hasira, "Mbona mimi sijafa?" Hujafa, mzee wangu. Lakini siku hizi ukimimina chai mkono unatetemeka, na unadhani sioni.

Saa nne nakusubiri zahanati. Sampuli ya nne ni wewe.

Bibi wa mjukuu wako